Kalamu Isiyo na Mwajiri na Kibaraza cha Bibi

Sisi tunaoishi kwa kalamu isiyo na mwajiri huulizwa swali moja kila tunapoketi na watu: "Hasa wewe unaandika mambo gani?" Tukijibu kuwa tunaandika historia, sanaa, muziki na malezi ya watoto, muulizaji hututazama kama anayetazama duka linalouza viatu, samaki wakavu na mafuta ya taa katika rafu moja. Wahariri nao hupenda mwandishi wa jambo moja, ili wajue wamwite lini. Mshika mawili, wanatukumbusha, moja humponyoka. Sisi tumeshika manne.

Kuna ukweli katika lawama hiyo. Mwandishi wa kujitegemea hulipwa kwa makala, na malipo yenyewe huja kwa mwendo wa kinyonga. Juma hili ataandika juu ya msikiti wa kale, juma lijalo juu ya mtoto asiyetaka kula, kwa sababu ada ya madrasa na kodi ya nyumba hazimngojei apate mada anayoipenda. Njaa humfundisha mtu kupenda mambo mengi. Hata hivyo tumefika mahali tunaamini kuwa mambo haya manne si manne. Imani hiyo hatukuipata pwani, ambako pengine tungepaswa kuiona mapema zaidi. Tuliipata bara, katika vilima vya Kisii.

Riziki ya bwana wa nyumba ilituhamishia Masimba, katika eneo bunge la Nyaribari Masaba, Kaunti ya Kisii. Kwa mtu aliyezaliwa karibu na bahari, jina lenyewe huchekesha, maana sikio la Mswahili husikia simba wakubwa wakubwa waliojikusanya mahali pamoja. Tulichokikuta ni baridi, majani ya chai yaliyopangwa juu ya miteremko kama mikeka, migomba kila ua, na mvua ya alasiri isiyokosa miadi. Waislamu huku ni wachache. Kisii mjini iko jamii ya Wanubi, ambao wazee wao waliletwa na jeshi la mkoloni, na uko msikiti. Lakini kule vijijini mwanamke aliyejifunga mtandio wetu hutazamwa mara mbili kabla ya kusalimiwa. Tulisalimiwa vizuri.

Jambo la kwanza lililotufungua macho lilikuwa lugha. Ekegusii ni lugha ya Kibantu, na mwenye kusikiliza kwa makini hukuta jamaa zake wa Kiswahili humo ndani wakiwa wamevaa nguo nyingine. Mwana ni *omwana*. Mtu ni *omonto*. Nyumba ni *enyomba*. Na yule msichana mdogo anayembeba ndugu yake mgongoni mama anapokwenda shambani huitwa *omoreri*. Litamke neno hilo polepole, kisha utamke "mlezi". Tulipolisikia tulinyamaza kidogo. Kumbe kabla hatujaandika hata sentensi moja juu ya malezi ya watu hawa, neno tulilokuwa nalo mkononi lilikuwa lao na letu tangu zamani.

Malezi ya Wagusii yamekwisha kuandikwa sana, na wengi wa waliyoandikwa hawana habari. Mwaka 1955 Mmarekani Robert LeVine na mkewe wa wakati huo, Barbara, walifika Ugusii wakakaa mpaka 1957 wakichunguza jinsi watoto wanavyolelewa. Kitabu chao juu ya jamii waliyoiita Nyansongo kilitoka 1966. Katika miaka ya 1970 LeVine alirudi pamoja na Sarah LeVine na kundi la watafiti, wakapima, wakahesabu, wakatazama akina mama na watoto wachanga majumbani mwao, kisha wakawalinganisha na akina mama wa tabaka la kati wa Boston. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilichapishwa 1994, nacho kimesomwa katika vyuo vikuu vingi duniani.

Walichokiona kiliwashangaza. Mama wa Boston alimtazama mtoto wake machoni, akamsemesha, akamwuliza maswali ambayo mtoto wa miezi minne hawezi kuyajibu, akamsifu kwa kila alichokifanya. Mama wa Kigusii alimbeba, alilala naye, alimnyonyesha mara tu alipoguna, lakini hakumsemesha sana wala hakumkazia macho. Kwa nadharia za wakati ule, mtoto wa namna hiyo angepaswa kukua na upungufu. Hakukua na upungufu huo. Alikua mtulivu, mtiifu, mwenye kujua kazi za nyumbani mapema, na maneno aliyapata kwa ndugu zake wakubwa na watoto wenziwe. Sifa hakupewa ovyo, kwani iliaminika kwamba mtoto anayesifiwa mno hujiona na kusahau wengine. Mama alilenga kwanza mtoto aishi, apone homa na kuhara. Mazungumzo yangekuja baadaye.

Hapa tuna neno letu la pembeni. Mtafiti mgeni akiwa ameketi chumbani na daftari lake, ni mama gani wa Kiafrika atakayejiachia kumwimbia na kumchezesha mwanawe? Hata sisi tungejikaza. Lakini hoja ya msingi hatuikatai, kwa sababu tumeiona wenyewe. Jirani yetu, bibi wa umri unaokaribia miaka 80, alikuwa amempakata kitukuu chake siku moja, akimtikisa taratibu bila kumtazama. Binti yetu, aliyezoea shangazi zake wa Mombasa ambao humwimbia mtoto mchanga mpaka sauti ikauke, alimwuliza kwa nini hamsemeshi. Bibi alicheka. "Huyu hajui maneno bado," akasema. "Nitaongea naye nini? Wenzake watamfundisha."

Basi nani anamfundisha mtoto yeye ni nani, ametoka wapi, na wazee wake walifanya nini? Jibu liko katika neno jingine lililotugusa: *chinsoni*. Msomaji wa pwani atalitambua mara moja, maana sisi bado tunasema mtu ameona soni. Kwa Wagusii, *chinsoni* ni mpaka wa heshima na haya uliowekwa kati ya wazazi na watoto wao. Baba haingii ovyo katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Yapo maneno ambayo mzazi na mtoto hawayatamki mmoja mbele ya mwenziwe, na yapo maswali ambayo mtoto hamwulizi mama yake hata akifikisha miaka 40. Lakini mpaka huo haupo kati ya mjukuu na wazee wa wazazi wake. Kwa *sokoro*, yaani babu, na kwa *magokoro*, yaani bibi, mtoto yuko huru kutaniana, kuuliza na kucheka. Mzazi alimpa mtoto chakula na nidhamu. Hadithi, nyimbo, vitendawili, majina ya marehemu na siri za kukua alivipata kwa bibi.

Fikiri maana yake. Katika jamii kama hii historia haipiti kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Inaruka kizazi. Bibi akiondolewa katikati, mzazi hawezi kuijaza nafasi yake kwa urahisi, kwa sababu adabu yenyewe inamzuia. Nasi tukitazama Masimba ya leo tunaona wajukuu wengi wako mabwenini tangu wadogo, au wako Nairobi na wazazi wao, na bibi yuko peke yake na migomba yake. Sauti yake huja kwa simu siku ya Jumapili, dakika tatu, akiuliza kama wameshakula.

Mchana ule pale kibarazani tulikuwa tumekwenda na swali moja tu, la historia. Tulitaka kusikia juu ya Moraa.

Kwa wasiomjua: mwaka 1905 Waingereza walituma jeshi Ugusii kwa mara ya kwanza, na watu wengi waliuawa kwa bunduki walizokuwa hawajapata kuziona. Baada ya hapo serikali ikajenga kituo mahali palipoitwa Getembe, ambapo leo ndipo Kisii mjini. Moraa alikuwa mwanamke mganga, mwenye kuheshimiwa na kuogopwa, naye alichukia kuona vijana wakiutazama uvamizi ule mikono mitupu. Mwezi Januari 1908 kijana wa jamaa yake, Otenyo, alimvizia njiani mkuu wa wilaya, Geoffry Northcote, akamchoma mkuki. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa Gavana wa Hong Kong. Otenyo hakupona. Alikamatwa akauawa, na jamaa zake husimulia hadi leo kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Kikosi kilichotumwa kulipiza kisasi kilichoma nyumba, kikachukua ng'ombe na kuua watu wengi hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu wa waziri wa makoloni, akapeleka simu ya maandishi kuhoji mauaji makubwa kiasi kile ya watu wasio na kinga. Churchill hakuwa rafiki wa Mwafrika. Ukiona yeye ameshtuka, jua palikuwa na la kushtua.

Haya yamo vitabuni. Tuliyoyapata kibarazani hayamo. Bibi aliendelea kupepeta wimbi wake huku akisimulia, na alipofika mahali Moraa anapowasuta vijana alibadilisha sauti. Hakuwa akieleza tena, alikuwa akisuta. Wajukuu wawili waliokuwa wakicheza uani waliacha mchezo wakaja kusimama mlangoni. Tulipomwuliza ni nani aliyemsimulia, alisema ni bibi yake mzaa mama, ambaye wakati wa vita vile alikuwa mtoto wa kuweza kukimbia mwenyewe bila kubebwa. Tulipiga hesabu tukiwa bado tumeketi. Kati yetu na mwaka 1908 wamesimama bibi wawili tu.

Kisha, bila kuombwa, akaingia katika muziki. Alisema Moraa aliwahi kuimbwa kwa *obokano*, na kwa kuwa hapakuwa na ala pale, aliifanya kwa mdomo: mngurumo mzito wa chini, wenye mvumo kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kibuyu. Wajukuu waliangua kicheko, naye akaurudia kwa nguvu zaidi. *Obokano* ni kinubi kikubwa cha Wagusii chenye nyuzi nane na bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Jirani zao Wajaluo wana *nyatiti*, nayo ina nyuzi nane, lakini *obokano* ni kubwa na sauti yake iko chini sana, hata msikilizaji huisikia kifuani kabla ya masikioni. George Senoga-Zake aliieleza katika kitabu chake cha muziki wa asili wa Kenya cha mwaka 1986. Tunajua masheikh wetu wametofautiana juu ya ala za muziki, nasi hatuna elimu ya kuingilia hitilafu hiyo katika safu hii. Tunalosema ni dogo: mpiga *obokano* alikuwa mtunza kumbukumbu. Aliyetaka kujua ni nani alikuwa hodari, nani mwoga, na nani aliuza ng'ombe wa wenziwe, alimsikiliza yeye.

Na sanaa? Alipomaliza kupepeta alichukua chungwa kutoka katika bakuli la jiwe lililokuwa karibu na mlango, jeupe lenye mishipa ya waridi, akampa mwanetu. Lilikuwa limetoka Tabaka.

Tabaka iko upande wa pili wa kaunti, Mugirango Kusini, na mtu wa Masimba hupitia Kisii mjini kufika huko. Wengi wetu pwani tuna kazi za Tabaka nyumbani bila kujua: kiboko kidogo juu ya kabati, sahani ya kuwekea funguo, bao la kuchezea lililonunuliwa kwa wachuuzi wa Mombasa waliokuwa wakiwauzia watalii. Hilo ndilo jiwe la Kisii, liitwalo pia jiwe la sabuni kwa ulaini wake. Huchimbwa mashimoni kwa sururu, likapasuliwa, likachongwa kwa panga, patasi na kisu lingali na unyevu. Kwa desturi wanaume huchonga, na wanawake hulisugua kwa msasa na maji mpaka ling'ae. Mwanamke anayesugua ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote, ingawa bila mkono wake hakuna mtalii atakayelinunua. Vumbi lake si zuri kwa mapafu, na maji ya kusugulia husaidia kulizuia. Tulipopita huko tuliona watoto wakichezea vipande karibu na wachongaji, nasi tukajiuliza kimya kama ule ulikuwa mchezo au ulikuwa mwanzo wa kazi. Katika familia za mafundi mpaka huo huwa mwembamba. Hata majahazi ya Lamu yalijengwa na watu waliokua hivyo, wakipeana misumari kabla ya kujua kusoma.

Kutoka Tabaka hiyo hiyo alitoka Elkana Ong'esa, aliyezaliwa 1944 katika ukoo wa wachongaji. Ndege wake wa Amani, aliyechongwa kwa jiwe la Kisii, yuko katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Tunawataja wote wawili, yeye na yule mama wa msasa, kwa sababu waandishi wa sanaa humpenda wa kwanza na kumsahau wa pili. Mwandishi wa malezi angeanza na wa pili. Anayeandika yote mawili ndiye mwenye nafasi ya kuuliza yule mama anamwacha wapi mwanawe wa kunyonya anaposhinda katika vumbi, na ni nani *omoreri* wake.

Kwa hiyo alasiri moja, kibaraza kimoja, na mwanamke mmoja asiyejua kusoma alikuwa ametupa historia, muziki, sanaa na malezi bila kuhama mkekani, na bila kuona kwamba amehama kutoka mada moja kwenda nyingine.

Tulipoaga, mkaza mwanawe alitusindikiza mpaka njiani, na huko akapunguza sauti. Alituomba tukija tena tuje mchana, tuondoke mapema. Bibi hatembei jioni. Haokoti kuni katika shamba lisilo lake. Mtoto wa jirani akiugua, haendi kumtazama mpaka aitwe. Hatukuhitaji kuelezwa zaidi. Mwezi Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti hii hii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa kuteketezwa moto baada ya kudaiwa kuwa wachawi. Haikuwa mara ya kwanza. Mwanamke mzee, mjane, mwenye kujua dawa za majani na majina ya watu waliokufa zamani, ndiye hasa anayenyooshewa kidole. Na pengine nyuma ya kidole hicho kuna kipande cha shamba ambacho kijana amechoka kukingojea.

Msomaji wa pwani asitikise kichwa kwa kuwasikitikia watu wa bara. Kilifi na Kwale wazee wetu wamekuwa wakiuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma hiyo hiyo, hata wengine wakaanza kupaka mvi zao rangi wasionekane wazee, na makao yakafunguliwa ya kuwahifadhi waliokimbia watoto wao wa kuwazaa. Moraa mwenyewe, tukumbuke, alikuwa mganga. Angeishi leo, je, angesifiwa kwa *obokano* au angechomewa nyumba?

Hili ndilo lililobadilisha kazi yetu. Kabla ya hapo tulidhani mwandishi wa historia huhifadhi yaliyopita, mwandishi wa malezi huhudumia yajayo, na mwandishi wa sanaa hupamba kurasa za kati. Sasa tunaona kuwa wote watatu wanamtegemea mtu mmoja, naye anaogopa kutoka nyumbani kwake magharibi ikiingia. Mtoto aliyepata kukaa na bibi yake, akamjua ucheshi wake, akacheka mngurumo wake wa *obokano*, ni vigumu kumshawishi baada ya miaka 20 kwamba mzee huyo huruka usiku na ungo. Mtoto aliyemwona mara moja kwa mwaka, akiwa mtu wa kikohozi na moshi asiyeelewa lugha yake, huyo anaweza kuaminishwa lolote.

Hatusemi kila kilicho kwa bibi kirudishwe. Ukeketaji wa wasichana nao umepitia mikononi mwa akina bibi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa zaidi ya wanawake 8 katika kila 10 wa jamii ya Wagusii walikuwa wamekeketwa, ingawa sheria iliyopitishwa 2011 inakataza. Siku hizi baadhi ya wazazi huwapeleka mabinti kwa wahudumu wa afya, wakidhani wembe safi unahalalisha jambo. Hauhalalishi. Tulimwuliza bibi yetu juu ya hili pia, kwa haya nyingi, na jibu lake lilikuwa fupi: yeye alifanyiwa, binti zake walifanyiwa, wajukuu wake hawakufanyiwa, na hakuna aliyekosa mume. Kisha akabadilisha mazungumzo. Mwandishi aliyekuja kwa ajili ya sanaa peke yake asingepewa hata sentensi hiyo.

Sasa turudi kwetu, maana jirani akinyolewa zako tia maji. Pwani tunazo nyumba ambazo mambo haya manne yaliishi pamoja, nasi tumezigawa vipande na kuzipeleka shuleni kila kipande kwa mwalimu wake. Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye utendi wake wa karibu mwaka 1858 tumeusikia tangu utotoni, hufundishwa kama fasihi. Lakini aliutunga akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima: hayo ni malezi. Mumewe alikuwa Bwana Mataka wa Siyu, aliyepambana na utawala wa Zanzibar miaka kadhaa: hiyo ni historia. Utendi haukusomwa kwa macho. Ulighaniwa kwa sauti, wanawake wakaupokezana ndani ya nyumba: nao ni muziki, hata wasiopenda neno hilo wataukubali. Na Siyu ulikuwa mji wa mafundi, wa ngozi na wa mbao, na wa waandishi walionakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa rangi. Binti aliyelelewa karibu na watu kama hao hakujua kuwa amesoma masomo manne.

Shaaban Robert naye alikuwa hivyo. Mchana alikuwa karani wa serikali, miaka mingi katika forodha. Usiku aliandika kila alichokipenda. Aliandika maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake katika sahani za santuri. Aliandika tenzi za vita vikuu. Na mama wa watoto wake alipofariki, alimwandikia binti yake Mwanjaa utenzi wa mawaidha, kwa sababu mwenye kumpa mawaidha hayo hayupo. Kama yupo mhariri aliyemwambia achague moja, tunashukuru kwamba hakumsikiliza.

Wasomaji kadhaa wa jarida hili wametuuliza wafanye nini likizo hii na watoto ambao hawataki kuacha simu. Sisi tumeamua kuitumia simu hiyo hiyo. Tutashuka Mombasa inshallah shule zikifungwa, na kila mtoto ameandika maswali yake kwa mkono, si kwa kuambiwa. Mkubwa anataka kujua bibi yake aliolewa kwa mahari gani, na kama alimwona babu kabla ya siku ya harusi. Wa kati anataka wimbo aliombelezea mama yake, mwanzo hadi mwisho, na amekwisha kutuonya tusimkatize bibi akisahau maneno. Mdogo, ambaye tangu siku ile hajaacha kunguruma kama *obokano*, anataka kumwuliza kama na yeye aliwahi kufanya sauti yoyote ya ajabu alipokuwa mdogo. Tumemwambia bibi yao kwa simu ajiandae. Amesema anaanza na la mahari, kwa kuwa kuna deni hapo ambalo hajasahau.